Konkombre Hapana Chakula

Siku ya nne baada ya kumzika Ma Kasoki, watoto wake walitukusanya sisi sote tuliowahi kulala chini ya paa lake pale mtaa wa Kimemi, Butembo, wakasema kila mmoja achague kitu kimoja cha jikoni aende nacho. Tulikuwa wengi kuliko nilivyodhani, na nilishikwa na wivu kidogo, maana kwa miaka yote hii nilijidanganya kwamba nilikuwa peke yangu. Mmoja alichukua sufuria kubwa ya wali, mwingine termosi nyekundu isiyotunza moto tena. Mimi niliomba mchi mfupi uliokuwa nyuma ya mlango. Binti yake mkubwa aliniangalia kwa huruma, akanisihi niongeze na kitu cha maana, walau sahani. Nikamwambia mchi unanitosha. Nimerudi nao kwangu Beni nimeupakata njia nzima, na jirani yangu ndani ya gari akaniuliza kama natoka harusini. Sasa uko mezani hapa. Una kovu upande mmoja, na nikiusogeza puani naapa kwamba kitunguu saumu bado kimo ndani ya mti wenyewe. Nimekwisha kuwa mtu anayevaa miwani ili aitafute miwani yake, lakini mwaka ule naukumbuka kuliko juzi.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na minane, darasa la sita la sekondari, na mbele yangu palikuwa na Exetat, mtihani wa serikali ambao kwetu ukiushindwa unaulizwa habari zake hadi uzeeni. Sitaeleza hapa jinsi nilivyoshuka Butembo kutoka Lubero, wala kwa nini ni baba mkubwa, kaka yake baba, aliyekuwa na neno la mwisho juu yangu. Inatosha kujua kwamba alikuwa nalo. Ma Kasoki alikuwa binamu wa mama yangu, mjane, muuza sufuria na termosi katika soko kuu, na katika kwaya ya kanisa letu aliimba besi pamoja na wanaume kwa sababu, alisema, sauti za juu zilikuwa zimejaa watu wanaopenda kuonekana. Chumba alichonipa kilikuwa ghala lake. Kitanda kilibanwa kati ya makatoni yaliyofika darini, na kila nilipojigeuza, termosi zote zililia kidogo. Nilisoma fizikia nimeegemea katoni, na hadi leo nikifungua katoni jipya napata harufu ya kushindwa hesabu za umeme. Kati ya jikoni na sebule palikuwa na ukuta wa mbao tu, zenye nafasi ya kupitisha kidole. Aliyekuwa jikoni alisikia yote ya sebuleni, na mimi muda mwingi nilikuwa jikoni.

Huko jikoni ndiko nilikofundishwa matango, au konkombre kama tunavyosema huku. Ma Kasoki alikuwa amekwenda Guangzhou, Uchina, mara tatu kununua mali. Safari ya kwanza, alinieleza, aliugua ugeni: siku nne hakuweza kumeza kitu, kila sahani ilimnukia vibaya, akawa anakaa kwenye kijihoteli cha nyuma ya malazi yake akinywa maji ya moto tu. Mwenye kijihoteli, mama wa makamo, alimwangalia siku hizo nne. Ya tano alichukua tango, akaliweka mbele ya Ma Kasoki, akalipiga kwa ubapa wa kisu likapasuka, kisha akaendelea kulipiga kana kwamba limemtukana. Ma Kasoki akacheka. Hawakuwa na neno hata moja la kuongea pamoja, lakini yule mama alimsogezea sahani, naye akala, akaomba nyingine kwa kidole. Alirudi Butembo na makatoni ya mali, na ndani ya sufuria moja, zimefungwa kwa kitenge, chupa ya maji meusi ya soya na kichupa cha mafuta ya ufuta. Chupa hizo alizitunza kuliko mali yote.

Kanuni zake zilikuwa chache, na hakuvumilia anayezivunja. Kwanza, kisu hakitakiwi. "Usikate, Kahambu, piga," alikuwa akiniambia. "Ukikata, chumvi inapita pembeni tu. Ukipiga, inaingia." Basi unaosha tango, unalilaza ubaoni, unalipiga kwa mchi hadi linapasuka lenyewe pale linapotaka, halafu unalimegamega kwa mkono. Unatia chumvi na sukari ya kuonja, unaliacha litoe maji kwa muda ule ule unaoponda kitunguu saumu na pilipili. Unamwaga yale maji, unatia soya kijiko, siki kijiko, matone ya mafuta ya ufuta, unachanganya kwa vidole. Basi. Na lazima ulile papo hapo, kabla maji hayajarudi. Tulikula hivyo jioni anazotoka sokoni amechoka, tumekaa kwenye vibao, sahani moja kati yetu, pua zinachuruzika, yeye akinisimulia nani kagombana na nani kwa ajili ya meza ya kuuzia. Kisha ndipo tulisonga bugali kama watu wengine. Nilikuwa nimezoea kwamba chakula ni kazi ya nusu siku. Kitu cha dakika kumi kinachokutoa machozi na bado unakitaka kilikuwa kwangu maajabu, na nilijivuna nacho shuleni hadi wenzangu wakanichoka.

Kujivuna ndiko kulikoniponza. Kwetu tango bichi lilikuwa kitu cha kutafuna njiani ukitoka shambani. Wanawake wa kijiji cha Musienene walileta matango mjini siku ya soko ili kuwauzia wenye hoteli, si watu wenye akili zao. Alhamisi moja akina mama wa kanisa walikuja kusali kwetu, na walipomaliza wawili walibaki sebuleni wakisubiri mvua ipungue, bila kujua kwamba niko jikoni. Mmoja alimwambia mwenzake kwamba mtoto wa watu anaharibika katika nyumba hii. Hakuna mwanaume, moto hauwashwi, mama anaenda kwa Wachina peke yake, na jioni wanakula majani mabichi na maji meusi. Mwenzake aliitikia kwa ile sauti ya kusikitika inayofurahia. Niliwahi kufikiri maneno kama hayo yanaishia mlangoni. Lakini malori yaliyoshusha viazi kutoka Lubero yalirudi juu na abiria, na abiria walirudi na maneno, na kila kilomita waliyaongezea chumvi. Yalipofika kwa baba mkubwa, pale pale palikuwapo familia iliyokuwa imeniulizia kwa ajili ya kijana wao. Hesabu ilikuwa rahisi kwake.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kwetu, kwa yule ambaye hakulelewa nalo. Mgeni akifika, haulizwi kilichomleta, naye hakisemi, mpaka ale. Mtasalimiana, mtauliza mvua na afya na watoto, mtakaa kimya mkimaliza hayo, lakini neno la safari halitoki mdomoni kabla chakula hakijaingia. Na likitoka baada ya kula, limetoka, mwenye nyumba lazima alijibu. Jambo la pili ni juu ya baba mkubwa mwenyewe. Alikuwa mzee wa kanisa kule Lubero, mtu wa neno moja. Walipojenga kanisa jipya alisema kwa hasira hataketi ndani yake hadi paa liishe, na paa likachukua miezi miwili, na miezi miwili alisali amesimama, mvua ikimwagikia kofia yake.

Jumamosi moja, ikibaki miezi mitatu kwa Exetat, Ma Kasoki alirudi kutoka sokoni asubuhi mapema, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Dereva wa lori la viazi alikuwa amemnong'oneza kwamba baba mkubwa yuko njiani, anakuja kunichukua, na lori la kurudi linaondoka saa kumi na moja jioni. Hayo yote niliyajua baadaye. Nilichokiona mimi ni kwamba aliingia bila kunisalimu, akapita kando ya nyama iliyokuwa imening'inia na mchele uliokuwa ndani ya ndoo, akachukua maharagwe ya mwaka juzi kutoka chini kabisa ya gunia, makavu kama kokoto, hata hakuyaloweka, akayabandika juu ya mbabula, jiko letu la makaa, au makala kama tunavyosema, yenye matatu tu. Akaniambia kuna mgeni, chakula ni maharagwe, nisichochee moto. Kisha akatoka mbio kumtafuta prefe, mkuu wa shule yetu, mtu wa Kasai aliyeletwa kwetu na serikali na ambaye alikuwa akinitetea mbele ya walimu wengine, ili aje kusema kwa niaba yangu. Hakunieleza kitu. Nadhani aliogopa nikijua nitalia, na baba mkubwa alikuwa akidharau machozi.

Baba mkubwa alifika saa nne, amevaa koti la baridi ya Lubero katika jua la Butembo, begani mfuko wa viazi vya zawadi. Nilimpa maji ya kunawa, nikamketisha kwenye kiti chenye kitambaa cha kushonwa, tukazungumza juu ya mvua. Kisha tukanyamaza. Saa ya ukutani ilisikika. Nilienda jikoni nikachungulia chungu, maharagwe yakagonga mwiko kama changarawe. Aibu ilinipanda hadi masikioni. Mzee ametoka Lubero alfajiri, tumbo tupu, katika nyumba ambayo watu wanasema haiwashi moto, na mimi, msichana wa darasa la sita, nimekaa nikitazama kokoto zikichemka. Niliona njia moja tu ya kumwokoa Ma Kasoki na fedheha. Nilichukua matango mawili, nikashika mchi. Dakika kumi baadaye niliweka sahani mbele ya baba mkubwa, na moyoni nikawa najipongeza.

Aliinama akainusa. "Iyi hapana chakula," akasema, bila ukali, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. "Ni kintu ya kupatia mbuzi." Lakini njaa haina heshima. Alichukua kipande kimoja, akatafuna, akasimamisha taya. Macho yakajaa maji. Akatoa kitambaa, akajifuta, akachukua kipande cha pili, na cha tatu, halafu akaacha kuhesabu. Alikuwa akipangusa sahani kwa kidole Ma Kasoki alipoingia, jasho linamtoka, peke yake. Prefe alikuwa amekwenda Musienene kwenye harusi na hakuna aliyejua atarudi saa ngapi. Baba mkubwa akaweka sahani chini, akanyoosha koti lake. "Kasoki," akasema, "nimekula kwako, aksanti. Sasa niseme njo kile kilinileta."

Sitasahau uso wa Ma Kasoki. Aliangalia sahani, akaangalia mlango wa jikoni ambako chungu kilikuwa bado kinagonga, akaniangalia mimi, na hapo ndipo nilipoelewa yote kwa mara moja: maharagwe ya zamani, makala matatu, ile haraka yake. Alikuwa amenijengea ukuta wa saa sita, na mimi nimeubomoa kwa mchi. Nilijiona tayari nimekaa juu ya magunia ndani ya lori, vitabu ndani ya mfuko wa plastiki. Ma Kasoki alikaa taratibu, akafungua kilemba chake, akakifunga upya. Aliponigeukia sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Kahambu, Baba alisema nini wakati aliona iyi sahani?"

Ningeweza kunyamaza. Kumrudia mzee maneno yake mbele ya watu ni utovu wa adabu, na nilikuwa nimelelewa. Lakini nilisema. "Alisema iyi hapana chakula."

"Donc, Baba, haujakula bado," Ma Kasoki akamwambia, kwa upole mkubwa, kama anayemkumbusha kofia aliyoisahau. "Maharagwe iko kwa moto."

Baba mkubwa alimtazama, akatazama sahani tupu, na niliona wazi jinsi anavyolipindua jambo lile kichwani akitafuta mlango. Angesema matango ni chakula, angekuwa amekula neno lake mbele ya mtoto. Angesema si chakula, angepaswa kungoja. Yule ndiye aliyesali amesimama miezi miwili. Mwishowe alivua koti, akalitundika nyuma ya kiti. "Nitangoja," akasema. Kisha, akiangalia dirishani: "Kunabaki ingine, iyi kintu ya mbuzi?"

Kwa hiyo tulingoja. Nilipiga matango mengine manne mchana ule, na safari ya pili baba mkubwa alikuja mwenyewe mlangoni mwa jikoni kuangalia, akidai anatafuta mahali penye baridi. Aliuliza kwa nini nisitumie kisu, nikamweleza habari ya chumvi, akatikisa kichwa kama anayekubali hoja ya mahubiri. Ma Kasoki alikaa sebuleni akishona, kila mara akiangalia njia kama prefe atatokea. Prefe hakutokea. Nimewaza sana juu ya hilo. Tulikuwa tumetafuta muda ili mwanaume mwenye cheo aje anisemee vizuri, na muda tukaupata, na yeye hakuja. Baba mkubwa akabaki amekaa kwenye kibao cha jikoni, hana la kufanya, nami nikiwa mbele yake. Sidhani kama tulikuwa tumewahi kukaa hivyo, yeye na mimi, bila mkutano wa ukoo kati yetu. Aliniuliza fizikia ni kitu gani. Nikamwambia, na nikamwambia pia kwamba hainiingii. Akacheka kidogo. Halafu akauliza kile ambacho katika maisha yangu yote hakuna mkubwa aliyekuwa amekiuliza, wala mimi sikujua kwamba kinaulizwa. "Kahambu, weye mwenyewe, unataka nini?"

Nilikuwa nimewahi kuandaa hotuba usiku kati ya makatoni, yenye maneno makubwa ya Kifaransa. Yote yalinitoka. "Nataka kumaliza, Baba."

Alichukua mchi akaupima mkononi, akaugeuza. Akasema kwamba yeye pia alisoma, pale misheni ya Lubero, hadi mwaka wa nne, na kwamba asubuhi moja mjomba wake alikuja kumchukua, watu wakapika mbio, mjomba akala, akasema, na mchana yeye akawa amekwisha kuwa mchungaji wa ng'ombe. "Hapana mutu aliniuliza," akasema. Aliurudisha mchi nyuma ya mlango, kwa uangalifu, mahali pake.

Maharagwe yaliiva saa kumi. Tuliyala na bugali na viazi vyake mwenyewe, sote watatu. Baba mkubwa alinawa, akasali sala ndefu iliyowataja hata Wachina, akavaa koti lake. Ma Kasoki alikaa wima na mikono mapajani, akingoja neno. "Mimi nilikuya kusalimia tu," baba mkubwa akasema. "Minaona muko wazima." Akachukua kofia, akashuka kwenda kulidaka lori. Tulimsindikiza hadi njia panda, tukasimama hadi vumbi la lori lilipotua. Ndipo Ma Kasoki akaketi chini kabisa, kando ya barabara, na kitenge chake kizuri, akacheka hadi akalia. "Nilikuwekea mawe kwa moto, mutoto weye," akasema, "unaniletea kintu ya dakika kumi." Nililia naye. Nilimpenda siku ile namna ambayo sikujua kuisema, na sikuwahi kuisema vizuri baadaye. Exetat nilifaulu, si kwa kishindo, na fizikia iliniponyesha kwa huruma. Familia ya yule kijana ilipata msichana mwingine. Nikasomea uuguzi, kazi iliyonileta Beni, nikabaki.

Mwaka jana, wiki ambayo barabara ya kutoka Butembo ilikuwa tulivu, bila habari za mashambulizi, Ma Kasoki alikuja kwangu bila kunipigia simu. Ilikuwa Jumanne, naye amevaa kitenge cha Jumapili. Mimi ni muuguzi; niliona kabla hajakaa. Kitenge kilizungushwa mara mbili kiunoni pale kilipokuwa kikienea mara moja, na weupe wa macho yake haukuwa mweupe tena, ulikuwa wa manjano. Nilimpa maji ya kunawa, nikamketisha, tukazungumza juu ya mvua. Nilipoona mazungumzo yanaisha, nilikwenda jikoni, nikatafuta chini kabisa ya gunia, nikachukua maharagwe ya zamani kuliko yote niliyokuwa nayo. Aliyasikia yakianguka ndani ya chungu. Ukuta wangu ni wa matofali, lakini aliyasikia.

"Kahambu," akaniita. "Nimechoka, mama. Nipigie konkombre."

Nikapiga. Nilitumia mpini wa jembe dogo kwa kuwa sikuwa na mchi wa maana, naye akanikosoa kutoka sebuleni kwa kusikia mlio tu. Soya siku hizi inapatikana hata kwenye maduka ya mtaani, hakuna tena chupa ya kufunga kwa kitenge. Alikula taratibu, vipande vidogo, pilipili ikimtoa machozi, au ndivyo nilivyoamua kuamini. Alipomaliza aliweka uma chini, akafuta mdomo, akanyoosha mgongo kwa namna niliyoitambua. "Sasa niseme," akasema.

"Konkombre hapana chakula, Ma," nikamwambia.

Akacheka, ile besi yake ya kwaya, kidogo tu, kwa sababu kicheko kilimuuma. Akavua viatu, akainua miguu juu ya kiti changu cha pili, akafumba macho. "Bien," akasema. "Usitie makala."

Maharagwe yaliiva saa kumi na moja. Alikula vijiko vitatu, ndipo akaniambia kilichomleta.